Sabufa Haisemi, Inavuma au Inajizima: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo Mwenyewe

Ukipeleka sabufa kwa fundi pale Mwanga, hapa Kigoma, ukamwambia tu "imekufa", umempa kazi ya kubahatisha, na kubahatisha kwake utakulipia wewe. Ukimwambia "taa inawaka, FM inasikika, lakini spika ya kulia kimya hata nikibadilisha waya", atafungua sehemu moja tu. Mwongozo huu ni wa kukufikisha kwenye maelezo ya namna hiyo. Na wengi wakifika hapo wanakuta hawana tena haja ya fundi, maana tatizo lilikuwa kwenye waya, flashi, rimoti au soketi, wala si ndani ya mashine.

Kanuni ni moja. Sauti ina njia: umeme unatoka ukutani unaingia kwenye mashine, muziki unatoka kwenye flashi, simu au king'amuzi, unapita kwenye waya, unakuzwa na amplifaya, unapita waya wa spika, unasukuma koni, ile sehemu ya spika inayotikisika. Kazi yako ni kujua umekatikia wapi. Badilisha kitu kimoja, sikiliza, ndipo ubadilishe kingine. Ukichomoa waya tatu na kubonyeza rimoti kwa pamoja, hata sauti ikirudi hutajua dawa ilikuwa ipi, na wiki ijayo utaanza upya.

Andaa vitu vichache: bisibisi ya nyota, betri moja ndogo ya rimoti yenye volti 1.5, waya wa sauti unaoujua ni mzima, brashi kavu ya kupakia rangi, na simu yako. Multimita ya bei rahisi inasaidia sana, ila si lazima.

Neno la usalama, na hapa sitanii. Kabla ya kugusa nyaya za spika au kufungua mfuniko, chomoa pini ukutani, usiridhike na kuzima swichi. Na hata ukichomoa, sabufa nyingi za siku hizi hazina ile transfoma nzito ya chuma. Zina pawa saplai ndogo ambayo kapasita yake kubwa (kile kifaa cha kuhifadhi umeme) hubeba volti zaidi ya 300 na inaweza kuzishikilia muda baada ya umeme kuondoka. Kama hujui kapasita hiyo ni ipi, mfuniko wa nyuma usikuhusu. Karibu kila kitu kilichomo hapa kinafanyika bila kuufungua.

Imezima kabisa, hata taa haiwaki

Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Simu isipochaji, tatizo si sabufa: angalia LUKU, angalia swichi za bodi ya umeme, angalia ekstensheni. Hizi ekstensheni nyepesi tunazonunua barabarani huwa na vibati vya ndani vinavyolegea. Ukitikisa pini ukasikia cheche au taa ikawaka na kuzima, itupe. Usiifunge kwa nailoni.

Soketi ikiwa nzima, nenda kwenye fyuzi. Pini ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake, na mashine nyingi zina nyingine ya kioo nyuma, kwenye kifuniko kidogo cha kuzungusha. Itoe uitazame kwenye mwanga. Uzi ukiwa umekatika tu katikati na kioo ni kisafi, huenda fyuzi imechoka au umeme ulipanda mara moja. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa kama fedha kwa ndani, fyuzi ilikatika kwa kishindo: kuna shoti.

Weka fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa. Najua ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara inavyotumika mitaani badala ya fyuzi, na najua mashine inawaka nayo. Inawaka kwa sababu sasa hakuna kitu cha kukatika kabla ya transfoma yako, na siku hitilafu ikirudi kitakachoungua ndicho hicho cha bei kubwa, au pazia. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, acha. Usiweke ya pili. Hiyo ni kazi ya fundi.

Inawaka, lakini besi ikipiga inajizima na kuwaka tena

Hii ni hitilafu ya jioni, saa ambayo kila nyumba imewasha. Besi inapopiga, amplifaya inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Kama umeme ni dhaifu au waya wa ekstensheni ni mwembamba, volti zinashuka na mashine inajiwasha upya. Punguza sauti: ikitulia, chomoa ekstensheni uichomeke moja kwa moja ukutani na upandishe tena. Ikiwa nzima ukutani, umepata jibu. Mwenye multimita apime soketi: kiwango chetu ni volti 230, na ukikuta 180 jioni usimlaumu mtengenezaji wa sabufa. Stabilaiza ndiyo dawa.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, acha dakika chache upite ule mshtuko wa kwanza ndipo uchomeke. Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya kuungwa na gridi ya taifa, na wenyeji wa zamani bado wana tabia hii nzuri. Ni vijana walioizoea gridi ndio wanaounguza.

Kwa walio Buhigwe, Uvinza na vijiji vya mwambao wanaotumia sola, sabufa za AC/DC zina sehemu ya kuunga betri ya volti 12. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, na usikosee, kwa kuwa si mashine zote zina kinga ya kugeuza. Weka fyuzi kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri. Sauti ikianza kukoroma usiku, pima betri: iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 11.8 imekwisha, na kuendelea kuipigisha muziki ni kuiua. Inveta za bei ya chini nazo hutoa umeme usio laini, ambao unafanya transfoma ivume. Ukihama kwenye inveta ukaenda kwenye umeme wa kawaida na mvumo ukaisha, sabufa yako ni nzima.

Taa inawaka, hakuna sauti

Weka FM. Redio iko ndani ya mashine yenyewe, haihitaji simu wala waya wa nje. Ukisikia stesheni, au hata ule mchirizo wa "shaa" wa pasipo stesheni, basi amplifaya na spika ni hai, na tatizo liko kwenye kile ulichokuwa unachomeka. FM ikiwa kimya pia, tazama kama kuna neno la kuzima sauti (MUTE) kwenye kioo, na hakikisha hakuna hedifoni iliyochomekwa mbele. Ikiwa hakuna, ruka mpaka vipimo vya spika kwenye sehemu ya "Upande mmoja tu ndio unaosikika".

Kama FM inasikika, chunguza chanzo kimoja kimoja.

Flashi: sabufa nyingi zinasoma flashi iliyopangwa kwa FAT32 tu. Flashi kubwa za GB 64 na kuendelea huja na mpangilio wa exFAT, na mashine inakwambia "NO USB" kana kwamba hujachomeka kitu. Tumia ya GB 32 kushuka chini, au uipange upya kwenye kompyuta, ukikumbuka kwamba kupanga upya kunafuta kila kilichomo. Halafu aina ya faili: MP3 inapita kila mahali, lakini M4A na FLAC mara nyingi hazipiti, na sauti za WhatsApp ni faili za opus ambazo sabufa ya kawaida haizijui. Kwa hiyo flashi inayopiga nyimbo kumi na kuruka tano si mbovu.

Bluetooth: kwanza uliza nani mwingine ndani ya nyumba amejiunga. Simu ya mdogo wako iliyo chumbani inaweza kuwa imeishika sabufa kimya kimya. Zima Bluetooth za simu zote, futa jina la sabufa kwenye orodha ya simu yako, kisha unganisha upya. Panda sauti pande zote mbili, kwenye simu na kwenye sabufa. Ikikatakata ukitembea, kumbuka umbali wake ni kama mita 10 pasipo ukuta. Ukuta wa tofali la kuchoma na mwili wa mtu vinapunguza.

Sasa TV, ambayo ndiyo ninayopigiwa simu nyingi kuliko zote. Mama mmoja wa Ujiji alinipigia:

"Mwanangu, tangu wajukuu washike rimoti, picha ipo, sabufa imekuwa bubu."

"Shikamoo mama. Waya upo kwenye TV au kwenye king'amuzi?"

"Marahaba. Kwenye TV, ule mweusi wenye taa nyekundu mbele."

Ule mwanga mwekundu kwenye ncha ulitosha. Ni waya wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga, na mwanga ukiwapo waya ni mzima. Kilichobadilika ni mpangilio wa TV. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta sauti ya kidijitali, weka PCM. Ikiwa kwenye Dolby au Bitstream, sabufa isiyojua Dolby inapokea lugha isiyoielewa na inanyamaza. Kwenye HDMI ni hivyohivyo, na waya lazima uwe kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC. Matundu mengine yanapokea tu, hayatoi sauti. Ukishindwa na menyu zote hizo, tundu la hedifoni la TV na waya wa jeki ya milimita 3.5 kwenda kwenye pini nyekundu na nyeupe za AUX haliulizi mambo ya Dolby.

Rimoti haifanyi kazi? Fungua kamera ya simu, ya mbele ndiyo bora, elekeza rimoti, bonyeza. Ukiona nukta ya mwanga inawaka kwenye kioo, rimoti inatuma na kasoro iko kwa mpokeaji. Usipoiona, badilisha betri na ufute ule unga wa kijani kwenye springi.

Upande mmoja tu ndio unaosikika

Jaribio hili ni la dakika mbili na linamshinda fundi mbabaishaji. Chomoa umeme. Hamisha waya wa spika ya kushoto uweke kulia, na wa kulia uweke kushoto. Washa. Ukimya ukihamia upande mwingine, spika na waya wake ni wazima, na kasoro iko kwenye mashine au kwenye chanzo. Ukimya ukibaki kwa spika ileile, spika au waya wake ndio mbovu.

Kasoro ikiwa kwa mashine au chanzo, sasa rudia uhamisho kwenye pini nyekundu na nyeupe zinazoingia. Ukimya ukihama, chanzo au waya wake ndio wenye neno. Usipohama, amplifaya imepoteza upande mmoja.

Kwa spika, kuna betri. Chomoa spika kwenye mashine, shika nyaya zake mbili, gusisha kwa sekunde moja kwenye ncha za betri ya volti 1.5. Spika nzima inatoa "tap" na koni inachezacheza kidogo. Kimya kabisa maana yake koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imeungua au waya umekatika. Mwenye multimita apime: spika iliyoandikwa ohm 4 husoma kama 3 na kitu, ya ohm 8 kati ya 5 na 7. Namba ndogo kuliko iliyoandikwa ni kawaida. Isiyosoma kitu imekatika. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikiwa na kapasita mbele yake haitasoma hivyo, kwa hiyo usiihukumu kwa kipimo hiki.

Sasa bana macho utazame pale waya wa spika unapoingia nyuma ya mashine. Waya wa shaba una nyuzi nyembamba nyingi, na mara nyingi unakuta uzi mmoja, mwembamba kama unywele, umeponyoka ukagusa kibano cha jirani. Huo uzi mmoja ni shoti. Mashine nzuri itajifunga yenyewe na taa itapepesa. Mashine ya bei ndogo itaunguza aisii, kile kipande cha ndani kinachokuza sauti. Sokota nyuzi zote pamoja, kata ncha iliyochakaa, ingiza tena. Nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, spika zote. Ukigeuza moja, sauti itakuwepo lakini besi itapotea, kwa sababu koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta.

Inavuma

Mvumo ndio unaowapotezea watu pesa nyingi, kwa sababu aina zake ni kadhaa na zote zinaitwa jina moja. Zitenganishe hivi.

Chomoa kila kitu kinachoingia: flashi, waya wa TV, antena, yote. Shusha sauti hadi sifuri. Kama mvumo upo palepale, kiasi kilekile, unatoka ndani. Kapasita za kusafisha umeme zimechoka na zinaacha mtikisiko wa umeme upite hadi kwenye spika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na baada ya kugeuzwa mtikisiko huo unakuwa wa hezi 100, ndiyo ile sauti nzito ya "uuu". Kapasita ni kitu cha bei ndogo. Fundi akikutajia kubadilisha transfoma kwa mvumo wa namna hii, muulize kapasita amezipima?

Kama mvumo ulikatika ulipochomoa waya wa TV, rudisha waya huo, kisha fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukiisha, umekutana na mzunguko wa ethi: sabufa, TV na dishi vimepata njia mbili za kwenda ardhini, na tofauti ndogo ya volti kati yake inapita kwenye waya wako wa sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzuri. Ikibaki, nunua kile kifaa kidogo cha kutenganisha ethi kinachowekwa katikati ya waya wa sauti. Mafundi wa redio za magari wanacho. Wapo wanaokata mguu wa ethi kwenye pini. Mvumo unaisha kweli, na kinga ya wewe kupigwa na umeme inaisha nayo. Usikubali.

Kama inavuma ukichomeka simu au laptopu huku inachaji, na inatulia ukitoa chaja, ni chaja. Kama inalia "ti-ti-ti, ti-ti-ti" kisha simu inaita, ni mawimbi ya simu yenyewe. Isogeze mita moja kutoka kwenye sabufa na nyaya zake. Na kama ukigusa pini ya waya wa AUX uliochomekwa upande mmoja tu inavuma, hakuna ugonjwa: ncha iliyo hewani hufanya kazi ya antena. Iunganishe au uitoe.

Inakwaruza

Ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti tu, vumbi limeingia kwenye kitufe. Chomoa umeme, zungusha kitufe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Ikirudi, kontakti klina ya kupuliza itamaliza. Si mafuta ya taa, si petroli, si mawese (nimeyaona).

Ikikwaruza kwa sauti kubwa pekee, unaizidi nguvu. Amplifaya ikifika mwisho, inakata vilele vya mawimbi, na joto la hapo ndilo linalounguza twita. Punguza besi kwanza kabla ya kupunguza sauti yote.

Ikikwaruza hata kwa sauti ndogo, chomoa umeme, weka vidole kuzunguka koni na uisukume taratibu. Ikisugua, koili imepinda au imeungua. Ukingo wa mpira au sponji ukiwa umechanika, unabadilishwa peke yake.

Inajizima ikishapata moto

Iguse mgongoni. Ikiwa inaunguza, angalia iko wapi: imebanwa kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma, au imewekwa juu ya king'amuzi. Acha nafasi ya upana wa kiganja kila upande. Kisha hesabu spika. Wengi huongeza spika za redio ya zamani kwenye tundu lilelile ili sauti ifike nje. Spika mbili za ohm 4 pamoja zinakuwa ohm 2, na amplifaya iliyotengenezwa kwa ohm 4 inachemka mpaka inajifunga au inakufa. Toa zile za ziada uone.

FM inapapasa

Mji wetu umekaa kwenye miteremko, na stesheni inayosikika vizuri juu inaweza kupotea bondeni. Nyoosha ule waya wa antena. Ukiukunja nyuma ya mashine umeuua. Ulipotea? Waya wowote wenye urefu wa sentimita 75 hivi unafaa kwa FM. Ukiingiliwa na stesheni ya Burundi, au ya Kongo kutoka ng'ambo ya ziwa, uhamishe antena dirisha la upande mwingine. Taa za LED za bei ndogo nazo hutia kelele. Izime moja moja ujue mkorofi ni ipi.

Mende, vumbi na radi

Mende wanapenda joto la pawa saplai, na wakifa humo wanaunga palipotakiwa kuachana. Usiweke sabufa karibu na chakula, na usipulizie dawa ya wadudu kwenye matundu yake. Kiangazi, vumbi jekundu lifagie kwa brashi kavu kwenye matundu ya hewa. Masika, ukisikia radi kwa mbali, chomoa pini ya umeme na waya wa antena au dishi pamoja. Kuchomoa umeme ukaacha dishi ni kufunga mlango ukaacha dirisha.

Ikibidi kwenda kwa fundi

Mpe alama ulizozipata: FM inasema au haisemi, ukimya unahama au hauhami, mvumo upo sifuri au haupo. Elewaneni bei kabla hajafungua. Siku ya kuchukua, nenda na flashi yako na spika zako mwenyewe, mwambie afunge mfuniko na skrubu zote, kisha iache ipige nusu saa kwa sauti unayotumia nyumbani; kasoro za joto hazijitokezi dakika tano za kwanza. Omba kipande alichokitoa. Na kama kilichoungua ni transfoma ya sabufa ya bei ndogo, uliza kwanza bei ya sabufa nyingine kama hiyo dukani, na umwombe akuachie spika zako, maana hizo bado zinafaa.